Mkojo Mweusi, Chembe Nyeupe: Historia ya Madhara Adimu ya Dawa katika Damu, Bagamoyo na Pwani ya Dar es Salaam

Mgonjwa anayeanza kutumia karbimazoli kwa sababu tezi yake ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi hupewa vidonge pamoja na onyo: akipata homa, au koo likianza kumuuma, asimamishe dawa na awahi hospitali kupimwa damu. Onyo hilo lina asili yake katika miaka ya 1940. Edwin Astwood alipochapisha nchini Marekani, mwaka 1943, matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa tezi kwa thiourasili, haikuchukua muda kubainika kwamba kwa watu wachache dawa hiyo huangamiza granulositi, yaani zile chembe nyeupe za damu zinazoukinga mwili dhidi ya bakteria. Propilthiourasili na karbimazoli, zilizokuja baadaye, zilirithi hatari hiyo. Huwapata kati ya mgonjwa 1 na wagonjwa 5 katika kila 1,000, na mara nyingi ndani ya miezi 3 ya mwanzo ya matibabu. Dawa ikisimamishwa mapema, chembe hurudi. Ikiendelea kutumiwa, mgonjwa anaweza kufa kwa maambukizi ambayo mtu mwingine angeyashinda bila hata kulala kitandani.

Onyo hilo limejengwa juu ya dhana ambayo haisemwi wazi, nayo ni kwamba homa ni jambo la kumshtua mtu. Katika mji wa Bagamoyo na vijiji vya pwani vilivyo kaskazini ya Dar es Salaam, homa haikuwa hivyo. Kwa vizazi kadhaa ilifasiriwa kwanza kuwa malaria, na dawa ilitafutwa kwa msingi huo. Makala hii inachunguza jinsi utabibu wa pwani hii ulivyojifunza, na mara nyingine ulivyoshindwa kujifunza, kuiona dawa yenyewe kama chanzo cha ugonjwa wa damu. Kwa kuwa dawa za tezi ni ngeni katika eneo hili, uchunguzi unaanzia kwenye dawa iliyozitangulia kwa muda mrefu, yaani kwinini, na ugonjwa uliohusishwa nayo, homa ya mkojo mweusi. Hoja inayotetewa ni kwamba madhara adimu ya dawa yalitambulika pale tu damu ya mtu ilipopimwa kwa manufaa yake mwenyewe, na kwamba katika pwani hii watu wengi walipimwa damu kwa sababu nyingine kabisa.

Bagamoyo kabla ya hadubini

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, mji ulikuwa tayari mlango wa misafara ya bara. Wapagazi walishuka na pembe za ndovu, wakapanda na nguo, shanga na waya. Kwinini, iliyotengwa kutoka katika gome la mti wa sinkona huko Ufaransa mwaka 1820, ilikuwa sehemu ya mizigo ya kila Mzungu aliyekusudia kuvuka nyika. Makaburi ya misheni, ambayo bado yanaonekana, yanaonyesha kwamba kuwa nayo hakukutosha. Wengi waliozikwa hapo walikuwa vijana.

Kwinini ilitumiwa bila utaratibu. Mmoja aliinywa homa ilipomzidi, akaiacha ilipotulia, akairudia wiki mbili baadaye kwa kipimo kikubwa zaidi. Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini ndilo kiini cha yaliyofuata. Homa ya mkojo mweusi ilionekana hasa kwa watu wasio na kinga ya malaria waliokuwa wameugua mara kwa mara na kumeza kwinini kwa vipindi visivyo na mpangilio. Dalili zake zilikuja ghafla: baridi kali, kutapika, macho kuwa ya manjano, na mkojo kugeuka rangi ya mvinyo mwekundu au kahawa, kwa sababu chembe nyekundu zimepasuka kwa wingi ndani ya mishipa na himoglobini yake imepita kwenye figo. Wengi walikufa baada ya figo kuziba.

Dhana kwamba kwinini ndiyo iliyokuwa ikifanya hivyo haikuzaliwa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1870 Salvatore Tomaselli, tabibu wa Catania katika kisiwa cha Sicilia, alikwisha kueleza wagonjwa ambao mkojo wao ulibadilika kila walipomeza dawa hiyo. Hata hivyo, ni Dar es Salaam ambako dhana hiyo ilipata sauti isiyoweza kupuuzwa.

Koch Dar es Salaam, 1897–1898

Robert Koch aliwasili Dar es Salaam mwaka 1897 akitokea India, alikokwenda kuchunguza tauni, baada ya kazi ya sotoka huko Afrika Kusini. Wakati huo alikuwa mwanabakteriolojia mashuhuri kuliko wote katika dola ya Ujerumani. Makao makuu ya koloni yalikuwa yamehamishwa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na pamoja nayo vilihama vifaa vya serikali, madaktari wake na kumbukumbu zao. Bagamoyo ilibaki na misheni, wafanyabiashara na wagonjwa.

Katika mji mpya hospitali zilikuwa mbili. Ile ya Ocean Road, iliyojengwa kando ya bahari, ilikuwa ya Wazungu. Ile iliyowapokea Waafrika na Wahindi ilibeba jina la Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyejipatia utajiri kwa kuhudumia misafara na aliyetoa fedha za kuijenga. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1897. Mgawanyo huu haupaswi kuchukuliwa kama mandhari tu ya kisa, kwani uliamua ni damu ya nani itawekwa chini ya hadubini, lini, na kwa swali gani.

Koch alichunguza magonjwa kadhaa kwa wakati mmoja. Mojawapo lilikuwa homa ya Texas ya ng'ombe, ambayo pia huvunja chembe nyekundu na kuufanya mkojo wa mnyama uwe mwekundu, na ambayo kimelea chake huonekana wazi katika damu. Ni vigumu kutoihusisha kazi hiyo na alivyowatazama wagonjwa wa mkojo mweusi. Alitafuta vimelea vya malaria katika damu yao, na kwa wengi hakuvipata. Alipouliza mgonjwa alifanya nini kabla ya mkojo kubadilika, jibu lilikuwa karibu lilelile: alimeza kwinini. Katika maandishi aliyochapisha mwaka 1898 alihitimisha kwamba homa ya mkojo mweusi kwa kawaida si malaria, bali ni sumu ya kwinini.

Hitimisho hilo lilikuwa na sehemu ya ukweli na sehemu ya makosa, na zote mbili zinafundisha. Koch alikuwa sahihi kwamba kwinini ilikuwa mara nyingi ndiyo kichocheo cha mwisho. Alikosea alipoitenga malaria. Uchunguzi uliofuata, hasa wa J. W. W. Stephens na S. R. Christophers waliofanya kazi Afrika na India mwanzoni mwa karne ya 20, ulionyesha kwamba vimelea vilikuwapo katika damu kabla ya shambulio, kisha vikapungua au kutoweka kwa sababu chembe zilizovibeba zilikuwa zimepasuka. Aliyepima siku ya mkojo mweusi alikuwa amechelewa, maana ushahidi ulikwisha kumwagika pamoja na damu. Mtafiti wa leo anayesoma hoja ya Koch anaona jinsi kipimo kilichofanywa kwa uangalifu wote kinavyoweza kutoa jibu lisilo sahihi kwa kufanywa kwa kuchelewa siku moja au mbili.

Athari zake za kiutendaji zilikuwa nzito. Tabibu wa pwani sasa alikuwa na dawa moja tu ya kuaminika dhidi ya malaria, na mwanasayansi mkuu wa dola alikuwa amesema kwamba dawa hiyohiyo inaweza kuua. Ampe kwinini mgonjwa mwenye vimelea ambaye mkojo wake umeanza kubadilika, au amnyime? Akimpa, damu inaweza kuendelea kuvunjika. Akimnyima, malaria ingeweza kumwua. Koch hakusema kwinini iachwe. Mwenyewe aliifanya kuwa silaha yake kuu, akasisitiza itumiwe kwa utaratibu na baada ya kipimo cha damu. Kanuni ya kupima kabla ya kutibu, ambayo vituo vya afya vya Tanzania vilikuja kuisisitiza zaidi ya miaka 100 baadaye, ilitamkwa Dar es Salaam kwa sababu ya hofu ya madhara ya dawa.

Jambo moja zaidi katika ripoti za Koch linastahili kutajwa. Alieleza kwamba watu wa milima ya Usambara waliposhuka nyanda za chini waliugua homa, na kwamba waliuita ugonjwa huo na mdudu aliyeuleta kwa neno moja, mbu. Mwanasayansi aliyekuwa tayari kuwasikiliza Wasambaa kuhusu chanzo cha ugonjwa hakuacha maelezo yanayolingana na hayo kuhusu jinsi dawa zilivyowaathiri. Wagonjwa wa mkojo mweusi katika maandishi ya Kijerumani ni Wazungu kwa sehemu kubwa.

Damu iliyopimwa kwa ajili ya wengine

Inaweza kudaiwa, na kwa haki, kwamba Waafrika wa pwani hawakuugua homa hiyo kwa wingi kwa kuwa walikua na kinga ya malaria na hawakumeza kwinini mara kwa mara. Maelezo hayo ni sahihi kwa mkazi wa Mlingotini au Kaole aliyezaliwa hapo. Hayatoshi kwa mpagazi aliyeteremka kutoka nyanda za juu, ambaye kwa upande wa kinga alikuwa karibu na padre mgeni kuliko alivyokuwa karibu na mwenyeji wake wa Bagamoyo.

Ushahidi unaoonyesha wazi zaidi mtazamo wa utawala ni kampeni ya kwinini iliyoendeshwa Dar es Salaam katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, chini ya daktari Ollwig, kwa kufuata mbinu ya Koch. Wakazi wa mji walipimwa damu, Waafrika na Wahindi wakiwemo, na waliokutwa na vimelea walipewa kwinini. Kwa mara ya kwanza damu ya watu wa kawaida wa pwani hii ilitazamwa kwa hadubini kwa wingi. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa kama damu hiyo ina vimelea vinavyoweza kumfikia Mzungu kwa njia ya mbu. Vimelea vilitafutwa na kuhesabiwa, na mwenye damu alitazamwa kama hifadhi yao. Nini kiliwapata wale waliomezeshwa dawa, ikiwa wachache kati yao mkojo ulibadilika, halikuwa swali la kampeni.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia klorokwini ilichukua nafasi ya kwinini, na homa ya mkojo mweusi ikapungua upesi hadi karibu kusahaulika. Kutoweka huko kulithibitisha sehemu ya dai la Koch kuliko jaribio lolote la maabara.

Kimeng'enya na kidonge

Maelezo ya kisayansi kuhusu kwa nini dawa fulani huvunja damu ya mtu mmoja na si ya jirani yake yalipatikana mwaka 1956, Marekani. Watafiti waliokuwa wakijaribu primakwini kwa wafungwa wa gereza la Stateville, jimboni Illinois, waligundua kwamba wafungwa weusi kadhaa waliopungukiwa damu baada ya kumeza dawa hiyo walikuwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kimeng'enya hicho huikinga chembe nyekundu dhidi ya kuungua na oksijeni, na dawa za jamii ya primakwini na dapsoni huiweka chembe isiyo nacho katika hatari. Upungufu huu hurithiwa kupitia kromosomu X, kwa hiyo wanaume huathirika zaidi.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hiyo haraka. Mwaka 1960 Anthony Allison alichapisha takwimu za upungufu wa G6PD kwa watu wa Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata yeye na David Clyde, mtaalamu wa malaria wa Tanganyika, walionyesha kwamba watoto wenye upungufu huo walikuwa na vimelea vichache zaidi. Hali iliyomkinga mtoto wa pwani dhidi ya malaria ndiyo ingemweka hatarini mbele ya dawa ya malaria. Hata hivyo, ujuzi huo ulikaa katika majarida. Klorokwini, iliyokuwa ikitumika kila zahanati, haikuwa tishio kubwa kwa watu hao, na hapakuwa na sababu ya haraka ya kuuliza.

Sababu ilikuja klorokwini iliposhindwa. Katika kutafuta mbadala, macho yaligeukia amodiakwini, dawa ya zamani yenye doa. Mwaka 1986 majarida ya Ulaya yaliripoti wasafiri walioitumia kama kinga na kupoteza chembe nyeupe, madhara yaleyale ya karbimazoli, kwa makadirio ya mtu 1 kati ya 2,000. Shirika la Afya Duniani likaacha kuipendekeza, kisha katika miaka ya 1990 likairejesha kwa ajili ya matibabu ya siku 3 tu. Tanzania Bara iliifanya dawa ya pili katika sera ya mwaka 2001, baada ya SP, na Zanzibar ikaanza kuitumia pamoja na artesuneti mwaka 2003.

Uamuzi wa kuirejesha ulikuwa wa busara: wasafiri waliodhurika walikuwa wameimeza kwa wiki nyingi bila kuumwa, ilhali mtoto mwenye malaria huhitaji siku chache na asipotibiwa hufa. Kinachostahili kuulizwa ni kuhusu hesabu yenyewe. Kiwango cha 1 kati ya 2,000 kilitokana na wasafiri wa Uingereza, waliorudi kwenye nchi ambako kupima chembe nyeupe ni jambo la saa chache. Mamilioni ya Waafrika walikuwa wameitumia dawa hiyo kwa miongo kadhaa kabla ya hapo. Mtoto wa pwani aliyepoteza chembe nyeupe angepata homa, na homa hiyo ingetibiwa kama malaria iliyorudi, pengine kwa dawa ileile.

Mkondo ulibadilika kwa Lapdap, mchanganyiko wa klorproguanili na dapsoni. Matokeo ya majaribio ya Muheza, mkoani Tanga, yaliyochapishwa mwaka 2001 na Theonest Mutabingwa na wenzake, yalionyesha kwamba iliwaponya watoto ambao SP ilishindwa kuwatibu. Mwaka 2003 iliidhinishwa Uingereza. Kwa kuwa dapsoni ilijulikana tangu zamani kuvunja damu, hasa kwa wagonjwa wa ukoma waliokuwa wakiitumia, suala la G6PD halikukwepwa. Majaribio makubwa ya mchanganyiko huo pamoja na artesuneti yaliyofanywa katika nchi 5 za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kuripotiwa na Zul Premji wa Muhimbili na wenzake, yalipima himoglobini ya watoto siku baada ya siku. Ilishuka mno kwa wenye upungufu wa kimeng'enya. Mwezi Februari 2008 Lapdap iliondolewa sokoni.

Tukio hili husimuliwa mara nyingi kama kushindwa kwa dawa. Kwa mtazamo wa historia inayojadiliwa hapa, ni mara ya kwanza dawa ya malaria kusimamishwa kwa sababu ya kile ilichofanya katika damu ya watoto wa Kiafrika, kilichoonekana kwa kuwa watoto hao walipimwa wao wenyewe. Hasara ya dawa yenye nguvu na ya bei nafuu ilikuwa halisi, na kuna waliosikitika. Bado, ni hasara ya aina tofauti na ukimya wa miongo iliyotangulia.

Bagamoyo inarejea katika masimulizi mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limependekeza, mwaka 2012, dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kilo ya uzito, iongezwe kwenye dawa mseto ili kuua vimelea vinavyosambazwa na mbu, bila kupima G6PD kwanza. Richard Mwaiswelo, Billy Ngasala na wenzao waliwafuatilia wagonjwa 220 wilayani Bagamoyo, nusu wakipewa dozi hiyo na nusu dawa mseto peke yake, wenye upungufu wakiwemo. Walihitimisha kwamba kuongeza dozi hakukupunguza usalama. Dozi hii, kama kwinini ya Ollwig, haimponyi anayeimeza, maana humkinga jirani yake. Tofauti ni kwamba safari hii himoglobini ya mmezaji ilipimwa na kuandikwa.

Homa isiyo ya malaria

Rekodi hii ndiyo inayolifanya onyo la karbimazoli liwe gumu kutimizwa Bagamoyo. Kipimo cha haraka cha malaria kimeenea hadi zahanati za vijijini, na malaria yenyewe imepungua, hivyo homa nyingi leo hupata jibu la "hakuna malaria". Jibu hilo kwa kawaida hufuatwa na antibayotiki na ushauri wa kurudi baada ya siku 3. Kwa mgonjwa ambaye granulositi zake zimekwisha, siku 3 ni nyingi, hasa akiendelea kumeza kidonge cha tezi asubuhi na jioni kama alivyoelekezwa. Zahanati kwa kawaida haina mashine ya kuhesabu chembe nyeupe.

Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa kufuatilia madhara ya dawa mwaka 1993, na fomu ya njano ya kuripoti madhara hayo hupokelewa siku hizi na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Fomu humtaka mhudumu ataje dawa anayoishuku. Ili aishuke, ni lazima ajue kwamba mtu aliyeketi mbele yake na koo linalouma anatumia karbimazoli aliyoandikiwa kliniki ya Dar es Salaam, kilomita zipatazo 70 kutoka hapo. Habari hiyo imo kwenye kadi ya kliniki, ambayo mgonjwa huitunza kwa ajili ya tarehe ya kurudi na hana sababu ya kuibeba anapokwenda kupima malaria.